Binti kaweka unga, mwiko na sufuria kundi moja, kawekewa kosa. Nimfundishe vipi kupanga vitu?

Baba wa Dukani (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la rejareja huku Ngamiani na binti yangu wa mwisho ana miaka minne na nusu, anasoma chekechea hapa hapa mtaani. Juzi karudi na karatasi ya picha sita: unga, mwiko, sufuria, nyanya, samaki, sahani. Alitakiwa atenge vyakula na vyombo. Yeye kazungushia duara unga, mwiko na sufuria, halafu duara la pili nyanya, samaki na sahani. Amepigiwa mkasi mwekundu, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

Nikamuuliza, mama, mbona hivi? Akanitazama kama vile mimi ndiye nisiyejua kupika. "Hapa ugali. Hapa mchuzi wa samaki." Mimi nikacheka, mama yake hakucheka. Anasema mtoto hajui kutofautisha chakula na chombo, na mwakani anaenda kuaibika. Toka hapo nyumbani kuna vyama viwili.

Sasa naomba kuelimishwa. Je, yuko nyuma ya wenzake? Na kama ni kumfundisha, naanzia wapi? Kuna maboksi ya maumbo ya plastiki ya rangi rangi nimeyaona dukani barabara ya ishirini, lakini kwa bei ile mimi naagiza katoni ya sabuni na chenji inabaki. Akitoka shule yuko na mimi dukani hadi alasiri, anashika kila kitu. Leo kamwaga choroko ndani ya debe la mchele, akachanganya na mkono kabisa.

Mama Mapacha (Dodoma)

Usinunue boksi! Mimi nilinunuliwa na shemeji, watoto wakacheza siku mbili, sasa yale maumbo ni mizigo ya malori yao. Wanachogombania kila siku ni vifuniko vya ndoo na visoda. Kuhusu choroko, pole, ila mpe ungo azitoe mwenyewe.

Kwa nini wasiwe na chama kimoja hapo kwenu, kwani mama hapiki ugali kwa mwiko na sufuria? 😀

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Baba wa binti, salama. Nimefundisha darasa la awali hadi nikastaafu, na karatasi za aina hiyo nimesahihisha nyingi kuliko nilizotamani. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Binti yako hakukosa kupanga. Kapanga, ana sababu, na sababu yake kaitumia makundi yote mawili bila kuyumba. Hilo la kutoyumba wewe hukuliona, lakini mwalimu wa awali analitafuta kwa tochi. Mtoto mdogo ukimpa rundo la vitu anaanza na kisoda chekundu, anaongeza kijiko chekundu, hapo umbo la kile kijiko linamvutia kwa hiyo anaongeza kijiko cha bluu, kisha kitambaa kwa sababu nacho ni cha bluu. Ukirudi baadaye una msafara mrefu sakafuni ambao mkia hauna habari na kichwa. Wanasaikolojia Jean Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder wa Geneva waliyaeleza haya mwaka 1959 baada ya kukaa na watoto wa kwao, na mimi nimeyaona Lindi kwenye mkeka, yale yale. Wako ameshavuka hapo. Alichokosa ni kitu kimoja: hakujua, au hakujali, kwamba mwenye karatasi alikuwa na sababu yake tayari mfukoni.

Kwa hiyo kazi yako ni mbili. Aendelee kuwa na sababu zake. Na ajifunze kunusa sababu ya mtu mwingine.

Anza na kazi zilizopo. Nyumba zetu zinapanga vitu toka asubuhi, tena kwa umakini kuliko shule. Mwanamke anayechambua mchele kwenye ungo anatenga punje, mawe, chuya na wadudu, na macho yake yako kwingine anapiga soga. Sokoni nyanya zimewekwa mafungu kwa ukubwa, na zile laini zimekaa fungu la bei ya chini. Nguo zikianuliwa zinagawanywa: za baba, za mama, za watoto, za bibi. Mtoto anayaona yote haya, tatizo tunamfukuza: "ondoka hapa utamwaga." Basi mwache amwage kidogo.

Fuata ngazi lakini. Usimpe choroko na mchele siku ya kwanza, ni punje ndogo na mkono wake bado mzito, atachoka na kuchukia. Mpe viazi na vitunguu kwenye beseni moja na matenga mawili matupu. Halafu mpe viazi vitupu, vikubwa na vidogo, na hapo utaona kazi imekuwa ngumu ghafla, kwa sababu kitunguu hakiwi kiazi hata kidogo lakini kiazi cha wastani kinamgombanisha na nafsi yake. Mwachie. Nimewahi kuona mtoto ametengeneza kundi la tatu la "vya katikati" bila kuambiwa na mtu, na nilifurahi kuliko siku ya mshahara. Choroko na maharage baadaye. Mchele na mawe mwisho kabisa, na hiyo akiweza utampa kazi ya kudumu.

Sasa namna ya kusema naye, na hapa ndipo wazazi wengi, na walimu pia, tunaharibu. Tunatangulia na jibu. "Weka nyekundu hapa, weka bluu hapa, vizuri!" Hapo mtoto ametumwa tu, hajapanga kitu. Wewe mwagia vitu mbele yake na useme: panga unavyoona. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Akimaliza, siyo kabla, muulize: hivi umeviweka pamoja kwa nini? Akisema "kwa sababu nimependa", kubali, usimsute. Muulize kesho.

Siku nyingine geuza. Wewe panga, yeye atafute siri yako. Weka upande huu sabuni ya mche, kiberiti na mshumaa, upande ule chumvi, majani ya chai na biskuti. Usiseme neno. Mpe pakiti ya tambi aweke panapofaa. Akiweka kwenye chumvi mwambie ndiyo, akiweka kwenye sabuni mwambie jaribu huku. Mpe kitu kingine, na kingine, hadi aropoke: "hivi vinaliwa!" Siku hiyo amejifunza kusoma sababu ya mwenzake, na karatasi ya chekechea haitamtisha tena, kwa sababu atajiuliza mwalimu ana siri gani.

Baba, nashangaa unauliza uanzie wapi na wewe ni mwenye duka. Mafuta ya taa umeyaweka wapi? Sina haja ya kuja Ngamiani kujua kwamba yako mbali na unga. Majani ya chai hayakai jirani na sabuni, yatanuka. Biskuti ziko juu panya asizifikie, vocha ziko karibu na mkono wako mwizi asizifikie. Kila rafu yako ina sababu na sababu hazifanani: harufu, panya, wizi, kinachouzwa sana. Mhadithie. Kisha siku moja weka kipande cha sabuni kwenye rafu ya chai umuulize kama kuna shida.

Mwanachuo (Morogoro)

Naunga mkono mwalimu. Nasoma saikolojia na habari ya huyu binti imenikumbusha mambo mawili ambayo kila mwalimu angepaswa kuyasikia.

Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia mmoja Mrusi, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan kuzungumza na wakulima ambao wengi wao hawakusoma. Akawaonyesha picha za nyundo, msumeno, gogo na shoka, akauliza kipi si cha kundi hilo. Jibu alilolisubiri ni gogo, maana vingine ni zana. Wakulima wakamwambia vyote ni vya kundi moja: ukitaka kukata unahitaji msumeno, ukitaka kupasua unahitaji shoka, na bila gogo utafanyia kazi gani? Alipowasukuma, wakaona yeye ndiye haelewi. Ni unga, mwiko na sufuria tu, ila wenye ndevu.

La pili nalipenda zaidi. Joseph Glick alikuwa miongoni mwa watafiti waliofanya kazi na Wakpelle wa Liberia pamoja na Michael Cole. Waliwapa watu wazima vitu vya vyakula, nguo, zana na vyombo wavipange. Wakapanga kisu na chungwa, kwa kuwa kisu hukata chungwa, na wakaeleza kwamba mtu mwenye busara hupanga hivyo. Mtafiti kwa kukata tamaa akauliza: na mpumbavu je, angepanga vipi? Hapo hapo yakatoka makundi manne safi, vyakula peke yake, vyombo peke yake, kama karatasi ya chekechea inavyotaka.

Kwa hiyo mama wa nyumbani asiogope. Mtoto anaweza kuwa anazijua njia zote mbili na ameona moja ndiyo ya maana.

Mzazi Realist (Arusha)

Hadithi nzuri, lakini tushuke chini. Shule nyingi za binafsi zina intavyuu ya kuingia darasa la kwanza, na pale hakuna Mrusi wala Mkpelle. Kuna mwalimu mwenye karatasi na foleni ya watoto mlangoni. Mtoto akizungushia ugali wake anarudi nyumbani na huo ugali. Wangu nilimkalisha chini, nikamfundisha vyakula, vyombo, nguo, wanyama wa kufugwa, wanyama wa porini, akakariri, akapita. Sioni dhambi.

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Ndugu wa Arusha, dhambi haipo na hongera kwa kupita. Lakini muulize wako kuku ni wa wapi. Atasema kufugwa. Muulize na kanga. Kama alikariri atatafuta kwenye orodha aliyopewa, kama alielewa sababu atakuuliza "yule wa porini au wa kwa babu?" Intavyuu ikibadilisha picha, mmoja wao atapata tabu.

Hapo hapo nikubali jambo lako moja. Majina ya makundi lazima yafundishwe, hayaoti yenyewe. Mtoto hawezi kuvumbua neno "vyombo" kwa kuchekecha visoda. Mimi nilikuwa nayataja katika kazi: tuoshe vyombo, tuanike vyombo, nani kaacha chombo nje? Darasa langu halikuwa na nafasi ya zaidi ya hapo. Kanuni inasema mwalimu mmoja watoto 25, na walioajiriwa wanajua kanuni na mkeka vilivyo mbalimbali. Kwa hiyo naelewa pia yule mwalimu wa Tanga aliyetoboa karatasi. Pengine hakupata nafasi ya kumuuliza binti sababu. Baba unayo, uko naye hadi alasiri.

Mwalimu wa PP2 (Kilifi)

Hamjambo kutoka upande huu wa mpaka. Kwetu Kenya hili la kutenga na kuweka pamoja ndilo linalofungua Shughuli za Hisabati, PP1 na PP2 (miaka miwili ya awali kabla ya darasa la kwanza), kabla hata ya kuhesabu. Sababu yake ni rahisi: mtoto hawezi kukuhesabia mbuzi kama hajaamua ni nini mbuzi na nini si mbuzi.

Mimi hutumia vya bure. Vifuu, makumbi, simbi za pwani, majani, vifuniko vya chupa, magunzi. Wazazi huleta kwa mifuko. Ila nina onyo, na ndilo lililonifanya niandike. Chungueni mbegu zinazoletwa. Mbegu za mbarika, wengine huita nyonyo, zina madoa ya kupendeza na watoto huzipenda kuliko zote, na zina sumu kali zikitafunwa. Sizikubali mlangoni. Maharagwe mabichi nayo si ya kutafuna, na yakiingia puani huvimba kwa unyevu, kisha mtoto hasemi mpaka pua inuke. Na kama nyumbani kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopita kwenye lile bomba la ndani la karatasi ya choo si cha kuchezewa akiwapo. Hiyo ni pamoja na sarafu.

Jambo jingine, baba wa binti, jaribu kubadilisha mchezo katikati uone. Apange vifuniko kwa rangi. Akimaliza mwambie sasa tupange kwa aina, vya soda huku, vya maji huku. Mtafiti wa saikolojia Philip Zelazo na wenzake walifanya hivi kwa kadi zenye sungura na mashua, za rangi mbili. Wengi wa miaka mitatu waling'ang'ania rangi hata baada ya kuambiwa sasa ni umbo. Ajabu ni kwamba ukiwauliza sheria mpya ni ipi wanakuambia sawasawa, halafu mkono unakwenda kwa ile ya zamani. Kati ya miaka minne na mitano wengi hufunguka. Basi mtoto akikwama hapo msimkaripie kwa "si nimekwambia". Amesikia. Mkono ndio haujasikia.

Mama Mapacha (Dodoma)

Mwalimu wa Kilifi umenifumbua, maana Kulwa anabadilika haraka na Doto anang'ang'ania, nikawa nasema huyu mkaidi. Nitaacha.

Tena hao wangu hawapangi soksi kwa rangi hata siku moja. Wanapanga kwa kunusa. Chafu, safi, na "ya baba".

Baba wa Dukani (Tanga)

Nimerudi wakuu, asanteni sana, nimesoma kila neno na mama yake nimemsomea kwa sauti.

Choroko amezitoa kwenye ungo, siyo zote, nilimalizia mimi usiku. Viazi na vitunguu kamaliza kabla sijapima sukari ya mteja. Mchezo wa siri ulikuwa mgumu mwanzoni, akawa anataka kushinda kwa kubahatisha, anaweka kitu huku anatazama uso wangu badala ya kutazama vitu. Ikabidi nijifunike kanga ya mama yake usoni, wateja wakadhani naumwa.

Kilichonishangaza ni sarafu. Nilimwaga za droo juu ya meza (mdogo hatuna, mwalimu wa Kilifi usihofu), nikategemea atapanga kwa ukubwa. Yeye kapanga kwa wanyama: faru wa hamsini, swala wa mia, simba wa mia mbili, nyati wa mia tano. Mimi nashika hela hizi kila siku ya Mungu na sikuwahi kuwatazama hao wanyama. Halafu akaanza kupanga upya peke yake: nyati, swala na faru huku, simba kule. Nikanyamaza kama nilivyoelekezwa. Alipomaliza nikauliza kwa nini. "Huyu anakula hawa."

Sasa swali, mwalimu. Mama yake amefurahi lakini anasema bado tumerudi kule kule kwenye ugali, vinavyokwenda pamoja. Na simba kawekwa kando ya chakula chake. Nimpangie vipi aone "wanaokula nyama" na "wanaokula majani"?

Mwalimu Mstaafu (Lindi)

Mwambie mama watoto huku siyo kule kule. Kwenye karatasi aliweka chombo na chakula chungu kimoja. Hapa kamtoa mlaji akamweka peke yake. Wanaokula majani anao tayari, wako upande mmoja wote watatu, hajawapa jina tu. Usimpe wewe. Mwongezee wanyama kwa mdomo, mmoja mmoja: mbuzi akae wapi? Chui? Ng'ombe? Akishajaza pande zote mbili muulize upande huu tuuiteje. Atakupa jina lake, pengine "wapole". Likubali kwa leo, kisha mletee kuku anayekula mtama asubuhi na mchwa jioni, muone mtamweka wapi.

Na droo ifunge kwanza, wateja wa Tanga nawajua.